Majani Mazuri Tu

9 Februari

Wifi yangu,

Sisi hatujambo. Watoto wanakwenda shule, na mimi nadunda. Mfuko wa mbolea ya kukuzia umefika kwa lori la mashudu, pamoja na bahasha kumi tupu za kaki zenye mhuri wa maabara yenu. Dereva ameushusha mlangoni kwa heshima zote, utadhani analeta bibi harusi. Nimeshukuru. Halafu nikakaa juu ya huo mfuko nikajiuliza, kulikoni?

Miezi saba, wifi. Tangu tumzike kaka yako hujaniandikia hata mstari mmoja. Siku ya mazishi ulinipa mkono kama unampa karani wa ofisini, ukaondoka. Leo ghafla mbolea. Usichukie nikiuliza. Mjane hujifunza kuuliza hata anayempa maji.

Alizeti iko wiki ya tano. Mvua imekatika siku ya kumi na sita leo. Saa sita mchana majani yote yanalala, jioni yanainuka kidogo kunipa moyo. Shemeji mkubwa anapita barabarani kila siku, mikono nyuma, anatazama ekari zangu mbili kama mnunuzi. Kauli yake unaijua, aliisema mbele ya wazee wote: msimu huu ndio mtihani, alizeti ikikubali shamba nibaki nalo, ikikataa linarudi kwenye ukoo. Ukoo wenyewe mmebaki wawili, yeye na wewe. Mimi na wanangu sijui tutarudi wapi.

Kwa hiyo niambie, mbolea niiweke sasa au nisiiweke? Jibu kwa barua. Simu huku inashika kwenye uwanja wa shemeji tu, naye amehamishia kiti chake hapo hapo.

Wako,
Mke wa kaka yako


13 Februari

Wifi,

Usiiweke. Mfuko ubaki umefungwa.

Nakueleza mara moja. Mbolea ya kukuzia ukiimwaga kwenye udongo mkavu, nyingine inapotea hewani, nyingine inakaa juu ya mizizi na kuiunguza kwa chumvi. Hata ikibahatika kuingia, inaufanya mmea uote majani mapana, na majani mapana yanakunywa maji mengi. Maji hayo yataisha kabla alizeti haijatoa ua. Utapata shamba la kijani la kupigia picha na vichwa vitupu.

Kila asubuhi chimba kwa kidole mpaka kiungo cha pili. Ukitoa udongo ukashikamana, ndipo unaweza kuweka, tena kidogo: kifuniko kimoja cha soda kwa mimea miwili, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Udongo ukichuruzika kama unga, funga mfuko wako uendelee na kazi nyingine.

Sasa zile bahasha. Chuma majani ishirini, jani moja kwa mmea mmoja, ukitembea shamba zima kutoka kona hadi kona. Yaweke kwenye bahasha, mpe dereva. Sisi huku tunayakausha kwenye oveni, tunayasaga, tunayapima tujue mmea umekula nini na umekosa nini. Hiyo ndiyo kazi yangu, miaka kumi na tisa sasa. Nafanya hivyo kwa mashamba ya watu nisiowajua, kwa hiyo usijiulize sana kulikoni.

Wifi yako wa maabara


18 Februari

Wifi wa maabara,

Hatujambo. Majani haya hapa, ishirini kamili, nimeyahesabu mara mbili. Utaona mwenyewe kwamba sijalala. Kuna watu wanadhani shamba limenishinda, basi wayatazame.

Kidole nimechimba kila asubuhi mpaka kucha imekuwa nyeusi. Udongo unachuruzika. Mvua haina habari na sisi.

Nina swali. Jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, yule mwalimu mstaafu, amemwaga mbolea yake yote wiki iliyopita, na alizeti yake imeruka, kijani kitupu. Ya kwangu ukiiweka karibu na ya kwake utasema ni mdogo wake. Shemeji mkubwa jana alisimama katikati ya mashamba mawili, akatazama kule, akatazama huku, akatabasamu. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia, lakini akikutabasamia unafanya nini?

Wewe unasema nisubiri. Nasubiri nini hasa, wifi? Na dereva wa lori ameniuliza leo kama nimeshaweka mbolea. Amejuaje kama suala ni kuweka au kutoweka? Barua zangu zinasomwa njiani, au kuna mtu anazisoma akifika mwisho wa safari na kuzungumza. Kuanzia leo nafunga bahasha kwa gundi ya viatu.

Mke wa kaka yako


27 Februari

Wifi,

Gundi yako imeniharibia mkasi. Dereva aliuliza kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mbolea hiyo isubiri mvua. Tuliache hilo.

Majibu yametoka. Majani uliyonitumia yameshiba. Hayana njaa hata kidogo, yamepita kiwango cha shamba lililowekewa mbolea mara mbili. Nimerudia kipimo kwa mkono wangu nikidhani mashine imekosea. Haikukosea.

Sasa nieleze. Unasema mfuko umefungwa. Unasema alizeti yako ni mdogo wa ya jirani. Majani yanasema ni kaka yake. Ama umeshaufungua mfuko na kuumwaga nikiwa nakuandikia usiumwage, ama haya si majani ya shamba letu. Kama umekwenda kuchuma kwa mwalimu mstaafu, sema tu, nisiendelee kupoteza dawa za maabara.

Sitakushauri kitu juu ya karatasi ya uongo. Kwa majani haya, jibu ni usiongeze chochote.

Na siyo mara ya kwanza unaniandikia hali moja, mimi nikaja kukuta nyingine. Unajua ninachosema.

Wifi wa maabara


4 Machi

Wewe mwanamke,

Mfuko wako nimeupeleka kwenye mizani ya kinu cha mafuta mbele ya watu. Kilo hamsini, haukupungua hata chembe, na uzi wa kiwandani ulikuwa bado mdomoni mwake. Mashahidi ni mpima na wanawake wanne waliokuja kuchukua mashudu. Waulize.

Nilipotoka kwenye mizani, shemeji mkubwa akaniita uwanjani kwake. Alikuwa na faili. Akatoa karatasi, akaishika kwa vidole viwili nisiiguse. Inasema shamba lirudi kwenye ukoo baada ya mavuno ya msimu huu. Chini yake saini mbili. Moja yake. Ya pili yako, na ule mkia wake mrefu unaozunguka kurudi nyuma, ambao kaka yako alikuwa anaucheka. Tarehe ni wiki mbili baada ya mazishi. Hakuna palipoandikwa mtihani wala alizeti ikikubali. Mtihani wenyewe ulikuwa kiini macho.

Basi nikaelewa yote. Ulisaini kwanza, ukakaa kimya miezi saba, halafu ukaniletea mfuko wa mbolea na kuniambia nisiufungue. Niutazame tu huku alizeti inakufa njaa, mwisho wa msimu mseme mnaona, mbolea alipewa na bado kashindwa. Umesoma, wifi. Umesoma kweli.

Jana nimeukata uzi. Nimeweka upande wote wa barabarani, ekari nzima, nusu ya mfuko, kwa mkono uliojaa. Shemeji akipita na mikono yake nyuma aone kijani. Upande wa ndani nimeuacha kama ulivyosema, ili mwisho tuone nani alikuwa anamdanganya nani.

Usinitumie tena salamu.

Mke wa kaka yako, upende usipende


8 Machi

Wifi,

Saini ni yangu. Sikulazimishwa, na nilisoma kabla ya kusaini.

Nitakwambia kwa nini. Ninayo barua yako ya mwaka jana, tarehe sita Julai. Umeandika: "Hatujambo. Kaka yako hajambo, leo amekula vizuri, kifua kimepungua." Tarehe kumi nikapigiwa simu amefariki. Nilipofika nikamkuta mtu ambaye kiuno chake ningekizungushia vidole vyangu vikakutana. Mtu hawi hivyo kwa siku nne. Alikuwa hivyo miezi, na wewe kila wiki ulikuwa unaniandikia hajambo. Nilikaa kwenye basi la kurudi nikasema huyu mwanamke alikuwa na sababu ya kunizuia nisije. Kaka mkubwa akaniletea karatasi nikiwa bado na hasira hizo. Nikasaini.

Hasira zilipopoa nikaona ni watoto niliowasainia wafukuzwe. Saini nimeshindwa kuirudisha, sina cha kumwonyesha kaka mkubwa, nikaona angalau alizeti isife. Ndiyo kulikoni yako hiyo.

Sasa sikiliza mambo ya shamba, kwa sababu shamba halijui tumegombana. Usiongeze punje moja upande wa barabarani. Upande wa ndani uendelee kuchimba kidole, na siku udongo utakaposhikamana, weka kidogo kama nilivyokuandikia. Dereva amebeba kichupa cha unga mweupe. Ni boroni. Ukame unaifunga boroni ardhini, na alizeti ikiikosa inatoa ua zuri lenye kichwa kitupu katikati. Pima kifuniko kimoja cha kichupa hicho kwa bomba moja la kunyunyizia, usizidishe, nyunyiza asubuhi mapema.

Na nijibu swali moja bila maneno mengi. Yale majani ulichuma wapi?

Wifi wa maabara


20 Machi

Wifi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Upande wa barabarani umeungua. Siku nane za kwanza ulipendeza, watu wakanipongeza, hata mwalimu mstaafu akavuka mfereji kuja kuangalia. Halafu likaja lile jua la wiki iliyopita. Majani ya chini yakageuka kahawia kuanzia ukingoni kuingia ndani, ya juu yakalala mchana na jioni hayakuinuka. Maua yametoka madogo kama vifungo vya koti. Ya mwalimu vivyo hivyo, amekaa barazani na redio yake haiwashi. Na mimi nilivyo na akili, upande niliouunguza ndio unaoonekana barabarani. Shemeji mkubwa alisimama pale muda mrefu. Safari hii hakutabasamu, akarudi uwanjani kwake akapiga simu. Kikao cha ukoo ni tarehe ishirini na tatu mwezi ujao, atalichukua shamba mavuno yakitoka.

Upande wa ndani uko hai. Tarehe kumi na nne ilishuka mvua ya kama dakika arobaini. Nikachimba kidole, udongo ukashikamana, nikaweka kwa kifuniko cha soda, mmea kwa mmea, mpaka mgongo ukakataa. Boroni yako nilinyunyiza mistari miwili kwanza, nikasubiri siku tatu nione kama itakufa. Haikufa. Ndipo nikamalizia. Usikasirike, hata wewe ungefanya hivyo.

Swali lako. Majani niliyachuma nyuma ya bafu.

Kuna mimea kumi na miwili pale, imejiotea yenyewe kutoka kwenye mbegu zilizomwagika. Inapata maji ya kuogea kila siku, na palikuwa na banda la mbuzi zamani. Ni mirefu kuliko mimi. Nilisoma ulivyoandika, kutoka kona hadi kona, nikaenda hadi kona ya kwanza. Nikaona majani yana matundu, mengine yana vumbi, mengine yamejikunja. Nikasema haya nimpelekee wifi? Aseme nimemharibia shamba kaka yake? Nikarudi nyuma ya bafu, nikachagua yaliyonyooka, nikayaosha, nikayakausha kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Nilichagua kama ninavyochagua nguo ya kuja kwenu.

Na habari za kaka yako, mwenyewe alinikataza nisikuambie. Alisema usimsumbue dada, ana kazi.

Mke wa kaka yako


24 Machi

Wifi,

Nimesoma barua yako mara mbili ofisini, mwenzangu wa mizani akaniuliza nacheka nini. Nilikuwa nacheka kile kitambaa cha vyombo. Halafu kicheko kikakatika.

Ulinitumia majani mazuri tu, kama ulivyonitumia habari za kaka yangu. Nikiwa nasaga yale majani yako niliyoyaita ya uongo, nilikuwa na hasira ile ile ya mwaka jana na sikujua inatoka wapi. Jani zuri halinisaidii kitu, wifi. Mkulima akiniletea jani zuri namrudisha nyumbani. Ninachohitaji ni lile lenye matundu, lenye ukingo ulioungua, lile unalotaka kulificha chini ya kiatu mgeni akiingia.

Basi tuanze upya. Nitumie bahasha tatu. Ya kwanza, majani ya upande ulioungua. Ya pili, majani ya upande wa ndani, kona hadi kona, usioshe. Ya tatu, weka kibaya kuliko vyote ulichonacho huko. Andika namba juu yake.

Unasema alikukataza. Mimi nilimlea yule, nilimbeba mgongoni mama akiwa sokoni. Akijikwaa tu alikuwa anataka niitwe. Huyo ndiye aliyesema dada asisumbuliwe? Sikubali wala sikatai. Nakuuliza tu, na unijibu kwa kweli hata kama ni mbaya: alinitaja? Kikao ni tarehe ishirini na tatu na kaka mkubwa anajua nipo upande wake. Kabla sijaingia kwenye kikao hicho nataka kujua nimekaa na nani.

Na usianze barua yako na hatujambo.

Wifi wa maabara


29 Machi

Wifi,

Hatuko salama.

Nimeanza hivyo kwa sababu umetaka. Binti yangu ananificha kwamba viatu vyake vimeisha, anakwenda shule amevishika mkononi na kuvivaa getini. Sijui amejifunza wapi kuficha. Najua.

Bahasha ya kwanza na ya pili ziko kama ulivyoagiza. Sikuosha kitu, hata funza mmoja nimekuachia.

Ya tatu haina jani. Ina karatasi ya mfuko wa mbegu iliyokunjwa mara nne, imefungwa kwa uzi. Kaka yako aliiandika kwa penseli mwezi wa tano mwaka jana, akiwa bado anaweza kukaa. Ni yako. Alinipa nimpe dereva wa lori. Sikumpa.

Nilikudanganya niliposema alinikataza. Hakunikataza. Alikuwa anakutaja kila siku. Kila asubuhi aliniuliza, amejibu? Nikamwambia lori bado halijapita. Lori lilikuwa limepita, wifi, lilikuwa linapita kila wiki, na siku nyingine aliisikia mwenyewe honi yake akiwa ndani, nikamwambia ni jingine.

Sikuisoma. Nilijua tu imekuita uje. Na ungekuja ungekuta nini? Kitanda kilikuwa kimevunjika mguu, alikuwa amelala chini kwenye godoro lenye shimo. Bati lilikuwa limetoboka juu yake, nimeziba kwa gunia. Mimi mwenyewe nilikuwa na gauni moja la kutokea. Nilisema apone kwanza, anenepe kidogo, nitengeneze kitanda, ndipo niitume. Nilijiwekea wiki mbili. Zikawa nne. Halafu nikawa naogopa kuituma kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa juu, utauliza ilikuwa wapi. Halafu akafa.

Niliizika ndani ya debe la mbegu. Msimu huu nilipochota mbegu za kupanda, mkono wangu uliigusa.

Najua unachoweza kufanya na karatasi hii. Shemeji akiisikia tu, hata kikao hakitahitajika. Umesema nitume kibaya kuliko vyote, na hiki ndicho.

Mke wa kaka yako, kama bado unaniita hivyo


12 Aprili

Wifi,

Lori limepita mara mbili. Nimesimama barabarani mara zote mbili. Dereva anatikisa kichwa kabla hata hajafika, ili nisihangaike.

Alizeti ya ndani imeinamisha vichwa, migongo imeanza kuwa ya njano. Nimeminya kimoja, mbegu zimejaa mpaka katikati. Nimeona nikuambie, maana dawa ilikuwa yako.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu kujua kama bahasha imefika.

Mke wa kaka yako


16 Aprili

Wifi,

Zimefika zote tatu.

Bahasha ya kwanza: majani yamejaa mbolea na yamekufa kiu, kama nilivyokueleza. Sina la kuongeza. Ng'oa mabua ukishavuna, usiyachome, yalaze shambani yafunike udongo. Mwaka ujao upande huo hauhitaji mbolea ya kukuzia nyingi, ile haijaliwa yote.

Bahasha ya pili: yana njaa kidogo, na hiyo ndiyo hali niliyoitaka. Mmea wenye njaa kidogo ulibaki mdogo, ukatunza maji yake, ukayatumia wakati wa mbegu. Boroni imetosha. Ulifanya kazi nzuri, hata na zile siku zako tatu za kusubiri ife.

Bahasha ya tatu nilikaa nayo kwenye droo siku sita kabla ya kukata uzi. Kwa kuwa hukuisoma, nakuandikia ilivyo. Mwandiko umelegea lakini ni wake.

"Dada, njoo ukipata nafasi. Usipopata usihangaike, najua kazi za maabara. Mimi nimeshajiona. Nina maneno mawili. La kwanza, mfundishe huyu mwenzangu mambo ya mbolea wakati wa ukame, mimi nilikuwa namwaga kwa mkono na yeye ameniona, atafanya hivyo hivyo. Mimi hanisikilizi, wewe anakuogopa. La pili, kaka mkubwa atalitaka shamba. Asipewe. Wewe ndiye utakayeulizwa, na ukikataa hawezi peke yake. Shamba ni la mke wangu na watoto, hii ndiyo saini yangu."

Amesaini, na chini ameandika, "mkia nimeuiga kwako."

Umeelewa, wifi? Barua uliyoificha ilikuwa imekuandikia shamba. Ningeipata mwezi wa tano, ningekuja, ningemkuta anaongea, na ile karatasi ya kaka mkubwa nisingeigusa. Sijakusamehe. Nimejaribu siku hizi kumi, nikiwa natembea, nikiwa kazini, nimeshindwa, na sitakuandikia kwamba nimeweza. Tulisema hatuandikiani mazuri tu. Na wewe ukiweza kunisamehe ile saini, uniambie ulivyofanya.

Lakini alichoagiza kitatimia. Leo asubuhi nimempigia kaka mkubwa nikamwambia saini yangu naifuta, na kwamba nina karatasi ya zamani kuliko ya kwake. Akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia atasomewa akiwa amekaa. Kikao kitafanyika, ila kitafanyikia upande wa ndani wa shamba. Amelitazama vya kutosha kutoka barabarani.

Nakuja Jumamosi na basi la mchana, siku mbili kabla ya kikao, tuvune pamoja. Nakujua, kwa hiyo nakuambia mapema. Usifagie. Usiazime kitanda kwa mwalimu. Usimfiche binti viatu vyake. Lile gunia kwenye bati liache pale pale lilipo.

Nitandikie lile godoro lenye shimo, chini, alipolala.

Wifi yako